Sahani Wakati wa Kafyu

Kiswahili kina maneno mengi ya mtu asiyekula. Anafunga, kama ni Ramadhani au Kwaresima. Anasusa, kama amekasirika na anataka kubembelezwa. Anajinyima, kama anaweka akiba au anawaachia watoto. Anaringa, kama yuko ugenini na chakula cha wenyewe hakimpendezi. Hana hamu, kama ana malaria. Lakini mtu mwenye njaa kabisa, ambaye chakula kiko mbele yake, hajagombana na yeyote wala hajaweka nadhiri kwa Mungu, na bado mkono wake haufiki kwenye sahani, huyo hatuna neno lake. Na yule mwingine ambaye usiku akianza kula hawezi kuacha mpaka sufuria iishe, kisha anajilazimisha kukitoa chote alichokula, huyo tunamwita mlafi, na mambo yanaishia hapo.

Maneno yetu yote, isipokuwa hilo la malaria, yanachukulia kwamba mtu ameamua. Na kama ameamua, si anaweza kuamua vingine? Ndiyo maana mtoto anayesusa hubembelezwa mara ya kwanza, na mara ya tatu anaonyeshwa mwiko. Mwaka 2020, familia nyingi za Kenya zilipojikuta zimefungiwa pamoja, asubuhi mpaka usiku, kwa miezi, upungufu huo wa neno uliwaumiza watu. Nataka kueleza ulikotoka, kwa sababu si kwamba ugonjwa haukuwepo. Ulikuwepo. Ni kwamba watu wenye kalamu waliandika zamani kwamba hautuhusu.

Tuanze na wenye kalamu. Mwaka 1873, daktari wa Paris aitwaye Charles Lasègue alichapisha makala kuhusu wasichana waliokataa kula bila ugonjwa wowote wa tumbo. Mwaka huohuo William Gull, tabibu wa London aliyewahi kumtibu mwana wa Malkia Victoria, alizungumzia wagonjwa wa aina hiyo mbele ya madaktari wenzake, na maelezo yake yalipochapishwa mwaka 1874 yalibeba jina lililobaki hadi leo: anorexia nervosa. Kwa Kiswahili tuseme anoreksia. Jina lenyewe ni kosa. Maana yake ni kukosa hamu ya kula, na wagonjwa wengi hawakosi hamu hata kidogo. Wana njaa inayowaamsha usiku. Lakini majina ya madaktari yakishaandikwa ni kama majina ya mitaa, hata mto ukikauka mtaa bado unaitwa Mtoni.

Kabla ya Lasègue na Gull, wanawake wa Ulaya waliokataa chakula walikuwa wakieleweka kwa njia nyingine. Katarina wa Siena, aliyefariki mwaka 1380 akiwa na miaka 33, alijinyima mpaka mwili ukakataa chakula chenyewe, na Kanisa likamtangaza mtakatifu. Sisemi alikuwa mgonjwa wa anoreksia. Kumpima mtu wa karne ya 14 kwa vipimo vya leo ni ujanja wa rahisi. Nasema tu kwamba jambo lilelile, sahani isiyoguswa, limewahi kusomwa kama utakatifu, kama jeuri, kama uchawi na kama ugonjwa, kulingana na nani anatazama. Ile ya kula kupita kiasi na kutapika ilichelewa zaidi kupata jina. Ilikuwa mwaka 1979 ndipo Gerald Russell wa London alipoiandikia makala na kuiita bulimia nervosa.

Sasa Nairobi. Hospitali ya Mathari ilianza kama mahali pa kuwatenga wagonjwa wa ndui, na mwaka 1910 ikageuzwa kuwa nyumba ya wenda wazimu ya koloni. Kwa hiyo taasisi yetu kongwe ya afya ya akili ilizaliwa kutokana na karantini, jambo ambalo mwaka 2020 lilinijia kichwani mara nyingi. Kuanzia mwaka 1938 iliongozwa na J. C. Carothers, daktari wa serikali ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili alipokabidhiwa kazi hiyo. Aliwahesabu Waafrika waliolazwa Mathari, akaona wachache wenye huzuni kuu, na akahitimisha kwamba Waafrika hawasumbuliwi sana na magonjwa ya namna hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika, na humo aliufananisha ubongo wetu na wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha uchambuzi wake wa Mau Mau.

Matusi hayo yameshajibiwa na watu wenye elimu kuliko mimi. Kinachonishughulisha ni njia aliyotumia kuhesabu. Alihesabu waliofika Mathari. Na nani alifika Mathari enzi hizo? Aliyefikishwa na polisi. Aliyevunja vitu, aliyepiga watu, aliyetembea uchi sokoni. Msichana aliyekaa kimya jikoni akigawa chakula kwa wengine huku yeye akiramba kijiko tu, hakuna askari aliyewahi kumkamata.

Carothers aliondoka, lakini hesabu ya namna hiyo ilibaki. Mwaka 1983 watafiti wawili, Adrian Furnham na Naznin Alibhai, walichapisha utafiti uliolinganisha jinsi wanawake wa Kiasia wa Kenya, wenzao wa Kenya waliohamia Uingereza, na Waingereza wenyewe walivyoona picha za maumbo ya wanawake. Walioishi Kenya walipenda maumbo manene zaidi. Waliohamia Uingereza walikuwa wamefuata macho ya Waingereza, na kwa mambo mengine hata kuwapita. Mwaka 2004 Frank Njenga na Kangethe wakaandika katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki kuhusu anoreksia nchini Kenya, na picha iliyotoka ilikuwa ya ugonjwa nadra. Sina ugomvi nao. Waliuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyekuwa akiliuliza. Lakini hesabu inayopita kwa daktari wa akili, katika nchi ambayo madaktari hao ni wachache na wengi wako Nairobi, inatuambia zaidi kuhusu barabara ya kwenda kwa daktari kuliko kuhusu jikoni.

Kulikuwa na kitu kingine kilichouficha ugonjwa huu hapa, na sikioni kikitajwa sana. Ni ukimwi. Oktoba 1985, jarida la Lancet lilichapisha makala ya madaktari wa Uganda na wenzao kuhusu ugonjwa mpya wilayani Rakai, ambao wenyeji waliuita Slim kwa sababu ya jinsi ulivyomkondesha mtu. Jina hilo lilivuka mpaka. Waliozaliwa miaka ya themanini na tisini wanajua: kukonda kulikuwa habari mbaya. Ukikonda, majirani walihesabu siku. Mwanamke mnene alikuwa mwanamke mzima, mumewe mzima, nyumba yake nzima. "Umenona" ilikuwa salamu ya heri, na kwa mama zetu bado ni salamu ya heri. Katika mazingira hayo, nani angedhani kwamba kuna msichana anayeogopa kunenepa? Na kama alikonda kweli, familia haikuuliza kuhusu chakula. Ilinong'ona kuhusu kitu kingine kabisa, na mara nyingi ilimficha.

Halafu dunia ikaingia sebuleni. Kisa cha Fiji ndicho kinachojulikana zaidi. Televisheni ilifika jimbo la Nadroga mwaka 1995, na Anne Becker wa Harvard aliwauliza wasichana wa shule maswali mwaka huohuo na tena mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna aliyesema anajitapisha ili kupunguza uzito. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Walioonyesha dalili za kutosha kutia wasiwasi walitoka asilimia 12.7 hadi 29.2. Fiji ni mahali ambapo, kama kwetu, mwili mkubwa ulikuwa dalili ya kutunzwa. Watu husimulia kisa hiki kana kwamba televisheni ni mbu na ugonjwa ni malaria. Mimi naona kinathibitisha jambo dogo zaidi: kwamba "utamaduni wetu unatukinga" ni ahadi ambayo inaweza kuisha katika muda wa darasa la kwanza hadi la nne.

Lakini tusiweke mzigo wote kwa picha za wanawake wembamba. Kuna jaribio moja ambalo kila mtu anayesema "huyo anajitakia" angepaswa kulisoma kabla ya kufungua mdomo, na wahusika wake wote walikuwa wanaume.

Novemba 1944, vita bado vinaendelea, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwakusanya vijana 36 wa Kimarekani waliokataa kupigana kwa sababu za imani na dhamiri. Waliwekwa katika vyumba chini ya uwanja wa mpira wa chuo. Lengo lilikuwa zuri: Ulaya ilikuwa imejaa watu waliokufa njaa, na hakuna aliyejua vizuri namna ya kuwarudisha kwenye kula. Kwanza waliwalisha vizuri kwa wiki 12. Kisha, kuanzia Februari 1945, kwa wiki 24, walipewa karibu nusu ya chakula walichokuwa wakila: mkate wa ngano nzima, viazi, kabichi, makaroni. Na kila wiki walipaswa kutembea zaidi ya kilomita 35. Walipoteza takriban robo ya uzito wao.

Kuhusu miili, matokeo yalikuwa kama yalivyotarajiwa. Moyo ulipiga polepole, walisikia baridi wakati wa kiangazi, hamu ya mapenzi iliisha. Kuhusu akili, hakuna aliyetarajia. Vijana hao waliochaguliwa kwa uzima wao wa mwili na akili walianza kukusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kitandani. Walitumia saa nzima kula sahani ndogo, wakichanganya viazi na maji ili vionekane vingi, wakilamba sahani mwishoni. Walitafuna ubani na kunywa kahawa mpaka ikabidi wawekewe kipimo. Waliacha kuongea siasa, wakaacha kuongea mambo ya dini ambayo ndiyo yaliwaleta pale. Waliongea chakula tu. Wengine waliiba na kula mpaka wakaumwa, kisha wakalia kwa aibu, na ikabidi mtu asitoke nje bila mwenzake. Mmoja alijikata vidole vitatu kwa shoka, na baadaye hakuweza kusema kwa hakika kama alikusudia au la. Na jambo linalonishangaza kuliko yote: wengi wao hawakujiona wamekonda sana. Waliona watu wengine ndio wamenenepa kupita kiasi.

Somo la Minnesota, lililochapishwa mwaka 1950 katika juzuu mbili nene, ni kwamba njaa yenyewe inatengeneza akili ya namna hiyo. Hawakuwa wasichana, hawakuwa na kioo cha Instagram, hawakutaka kuwa wembamba. Walinyimwa, na akili ikageuka. Hata waliporudishiwa chakula Julai 1945, wengi walikula mpaka tumbo likauma na bado wakasema hawajashiba. Hali hiyo iliwachukua miezi mingi. Kwa hiyo mtu anayeanza kwa kuruka chakula cha mchana, kwa sababu yoyote ile, hata kwa sababu pesa hazipo, anaweza kuingia katika chumba ambacho mlango wake haufungukii ndani.

Hiyo ya pesa si nadharia. Mwaka 2017 Carolyn Black Becker na wenzake walichapisha utafiti wa watu 503 waliokuwa wakipokea msaada wa chakula katika jiji la San Antonio, Texas. Katika kundi lenye njaa kali zaidi, ambalo hata watoto wao walilala njaa, asilimia 17 walikuwa na dalili nzito za matatizo ya ulaji. Basi ule usemi kwamba huu ni ugonjwa wa wasichana matajiri wa Kizungu umekufa huko Texas, ingawa kwetu bado unatembea.

Tarehe tunazikumbuka. Ijumaa 13 Machi 2020 Waziri Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Jumapili rais akafunga shule. Vyuo vikuu vilipewa hadi Ijumaa ya tarehe 20. Kafyu ikaanza 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale.

Binamu yangu, ambaye ameniruhusu kuandika haya mradi nisimtaje jina, alikuwa mwaka wa pili chuoni Nairobi. Chuo kilipofungwa alikuja kwetu Nakuru "kwa wiki moja tu," kisha aende kwao Kilifi. Wiki moja ikawa miezi minne. Yeye alikuwa na bulimia tangu kidato cha tatu, na hakuna aliyejua, kwa sababu maisha ya kawaida yana mianya mingi. Bweni, hosteli, matatu, ibada, mazoezi ya kwaya: kila mahali mtu anaweza kusema "nimekula huko." Hayo maneno mawili yalikuwa yamembeba miaka mitano. Kafyu iliyaua kwa siku moja. Umekula huko wapi, na hakuna aliyetoka?

Hapo ndipo naona historia ya mwaka ule ilipo, kuliko kwenye hotuba za Ikulu. Kabla ya hapo, nyumba nyingi za mjini hazikuwa na chakula cha jioni cha pamoja. Baba alifika saa nne, mama alikuwa ameshakula na watoto, kijana alijipakulia kutoka kwa sufuria iliyofunikwa. Kafyu iliwaweka watu wote mezani saa moja na nusu, televisheni ikisoma idadi ya maambukizi. Kwa wengi hilo lilikuwa zuri, wamelisifu, na nakubali. Kwa binamu yangu ilikuwa kama kuitwa mahakamani kila jioni.

"Anti, nimeshiba."

"Umeshiba nini, mwanangu?"

Mama aliuliza kwa upole, na kwa haki. Alikuwa mwalimu wa shule ya kibinafsi ambayo haikulipa mshahara baada ya Machi. Baba aliendesha matatu ya abiria 14 iliyoruhusiwa kubeba wanane. Unga ulipimwa kwa kikombe. Mandazi ya asubuhi yalihesabiwa jioni na kufunikwa na kitambaa cha buluu. Katika nyumba kama hiyo sahani isiyoguswa ni tusi, na mandazi sita yanayopotea usiku ni wizi. Ugonjwa wake ulifanya yote mawili. Mdogo wangu wa kiume alishukiwa wiki nzima, na akajitetea kwa sauti ambayo jirani aliisikia.

Na kulikuwa na habari. Ijumaa Kuu, 10 Aprili, watu walikanyagana Kibera wakigombania chakula cha msaada. Mwisho wa mwezi huo tukasikia kuhusu mama wa Mombasa, mjane, aliyechemsha mawe ili watoto wake wadhani kuna kitu kinaiva na wapate usingizi. Nchi nzima ililia na kumtumia pesa kwa simu. Binamu aliniambia baadaye kwamba ile habari ndiyo iliyomfunga mdomo kabisa. Utasemaje kwamba unaogopa chakula, mbele ya sufuria ya mawe? Angepewa jibu gani, na angestahili lipi, kwa mawazo yake? Aliacha hata kuwaza kusema. Alizidi kutapika, choo kikiwa cha nje na cha plot nzima, kwa hiyo alitoka kabla ya mapambazuko, na mama akadhani ni mimba.

Mimba! Nyumba ilikuwa na neno la hilo, na hofu ya hilo. Redio zilikuwa zikisema kila siku kuhusu wasichana wa shule waliopata mimba wakiwa nyumbani. Alipelekwa zahanati. Kipimo kikaonyesha hana mimba. Wakapima na virusi vya ukimwi, bila kumweleza sana. Hana. Basi akaambiwa ana vidonda vya tumbo, akapewa dawa, na kesi ikafungwa. Kile kilichokuwa kikimsumbua hakikuwa kwenye orodha ya maswali, na nesi hakuulizwa chuoni kuyauliza.

Wakati huo, nchi zenye uwezo wa kuhesabu zilikuwa zinahesabu. Katika hospitali sita za watoto nchini Kanada, wagonjwa wapya wa anoreksia walipanda kutoka wastani wa 24.5 kwa mwezi hadi 40.6 katika wimbi la kwanza la janga, na waliolazwa kutoka 7.5 hadi 20. Katika hospitali moja ya Michigan, vijana waliolazwa kwa matatizo ya ulaji katika miezi 12 ya kwanza ya korona walikuwa 125. Miaka ya nyuma wastani ulikuwa 56. Utafiti mkubwa wa rekodi za afya Marekani ulionyesha wagonjwa wapya kuongezeka kwa asilimia 15.3 mwaka 2020, wengi wao wasichana waliobalehe. Sababu zinazotajwa ni za kawaida kabisa, na ukizisoma unaona Nakuru ndani yake: ratiba kuvunjika, mchezo na mazoezi kusimama, hofu ya chakula kuisha, kukaa na simu mkononi usiku kucha, kujiona uso wako mwenyewe kwenye darasa la video, na kukosa watu wa nje wanaoweza kukutazama na kusema, wewe, hauko sawa.

Serikali nazo ziliongeza kuni. Boris Johnson alipotoka kwenye chumba cha wagonjwa mahututi mwezi wa Aprili, alishawishika kwamba unene ndio uliokaribia kumuua. Julai 2020 serikali yake ikaanzisha kampeni ya kuwahimiza Waingereza wapunguze uzito, na kuanzia Aprili 2022 migahawa mikubwa ya Uingereza ililazimika kuandika kalori kando ya kila chakula kwenye menyu. Shirika la Beat, linalowasaidia wagonjwa wa ulaji huko, lilipinga. Sina shaka kwamba unene una madhara yake na korona iliwaonea zaidi wanene. Lakini kumwandikia nambari mtu ambaye kichwa chake kimejaa nambari, na kusema ni kwa faida ya wote, ni kutohesabu watu wote. Kwetu haikuwa sheria. Ilikuwa mizaha. "Korona imekukubali!" waliambiana watu barakoa zilipoanza kushuka kidevuni, na video za mazoezi ya kupunguza tumbo kwa wiki mbili zilisambazwa kwenye vikundi vya WhatsApp vya familia, na mashangazi walewale ambao miaka ya tisini walisifu unono.

Mwezi huohuo wa Julai, mipaka ya kaunti ilipofunguliwa tarehe 7, kulitoka pia ripoti ya jopo la taifa kuhusu afya ya akili, lililoongozwa na Frank Njenga, yuleyule wa makala ya 2004. Jopo lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Ilikuwa ripoti ya ujasiri na ilisema wazi jinsi Kenya inavyotumia kidogo kwa afya ya akili. Ilitoka wakati kila senti na kila kitanda vilikuwa vya korona.

Binamu yangu alipanda basi la Kilifi wiki hiyo. Jina la ugonjwa wake alikuwa amelipata kwenye simu, kwa Kiingereza, bando la shilingi ishirini, saa nane usiku. Alichoshindwa ni kulipeleka kwa mama yake. Alijaribu kulitafsiri na kila neno alilolishika lilimgeuka: nikisema sili, ataona nasusa, nikisema nakula sana, atacheka, nikisema ni ugonjwa wa akili, ataita wachungaji. Mwishowe alisema, "Mama, chakula kinanitisha." Mama yake alinyamaza, kisha akauliza, "Chote, au kuna ambacho hakikutishi?"

Akafikiri. Akasema uji. Uji wa mtama, usio na sukari, kwenye kikombe, si kwenye sahani.

Basi wakaanza na uji, asubuhi na jioni, wamekaa nje, mama naye akinywa wake. Mshauri nasaha walimpata mwaka uliofuata, kwa simu, kupitia rafiki wa chuo; alilipwa kidogokidogo kwa M-Pesa na hakuwa amewahi kumtibu mtu mwenye bulimia, akasema hivyo wazi, akaenda kusoma. Kafyu iliondolewa 20 Oktoba 2021. Siku hiyo binamu alikuwa amerudi Nairobi. Alinipigia saa tatu usiku akiwa nje, kibandani, anasubiri chapati zipoe. Alikula moja. Ya pili akaifunga kwenye karatasi na kuondoka nayo.